Nani Ataonja Pombe ya Gendarmerie?

Wale mulioniacha juma lililopita nikining'inia kwenye paa la sala ya kwaya, ule ukumbi wa kanisa, mguu mmoja ndani, mguu mwingine nje, mulale salama: nilishuka. Nilishuka pamoja na bati zima. Nilianguka katikati ya sauti ya kwanza na sauti ya pili, wakati mamans wa kwaya wakiwa bado kwenye "Aleluya", na mwizi wa mbuzi niliyekuwa ninamfukuza akatoka kwa mlango wa mbele, polepole, kama mtu aliyemaliza maombi yake.

Tangu siku hiyo Bagira nzima iliniita Malaika. Kwa sababu nilitoka juu.

Kwa wanaonisoma leo mara ya kwanza: mimi ni Philémon, mtu wa Bunyakiri, na wakati ule nilikuwa gendarme, askari wa cheo cha chini kabisa, kwenye brigade, kituo chetu cha Bagira, hapa Bukavu. Miaka ya Zaïre hiyo. Kazini nilikuwa citoyen Lubala, kwa sababu serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Nyumbani nilibaki Philémon. Mke wangu Bibiane hakuwa mtu wa kukatazwa kitu.

Sasa musikilize balaa lililofuata.

Adjudant Mavungu alitukusanya uani mwa brigade. Ndiye alikuwa mkubwa wetu: mtu wa Bas-Zaïre, mrefu, mkavu, Mkimbanguiste wa kweli, mtu wa dini kali. Pombe hapana, tumbaku hapana, dansi hapana. Kiswahili alikijua cha kuamuru tu. Akikasirika, alirudi kwenye Lingala.

— Mujini banatuma message, alisema. Banasema gendarme na raia bakuwe bantu bamoja. Banasema raia anatuogopa. Ni kweli?

Nje ya ua, mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni kichwani alituona tumepanga mstari. Akageuka, akarudi alikotoka, mbio bila kumwaga.

— Naona ni kweli, alisema Adjudant.

Kaporali Gaston akainua mkono. Gaston alikuwa na shingo pana kuliko kichwa, na mawazo yake yote yalikaa shingoni.

— Mon adjudant, hii ni mambo mwepesi. Tunaingia nyumba kwa nyumba, tunabatosha bote inje, tunabaambia bapende gendarmerie. Mwenye anakataa, cachot, tunamufungia mule.

— Te, te, te! Bila fimbo. Bila cachot. Nataka bakuye benyewe, kwa roho yao.

Hapo kinywa changu kikafanya kile kilichozoea kufanya kila mara nikiwa salama. Kilifunguka.

— Mon adjudant, na tukifanya karamu? Tunabaita Jumapili, misa ikiisha. Banakula, banakunywa, tunazungumuza.

Adjudant alinitazama kama mtu anayepima kitambaa cha suruali.

— Lubala. Njo weye utabaita.

— Miye, mon adjudant?

— Weye. Kartie, mutaa wote, ikikuya, unabaki Bagira. Ikikosa kuya, Jumatatu kuko kamio ya Shabunda. Uko ndani.

Shabunda! Wasomaji wangu, sisemi Shabunda ni mahali pabaya. Nasema kufika ndiyo shida. Nilimjua gendarme mmoja aliyetumwa kule akiwa kijana bila ndevu. Kamio yao, lori zee, ilikwama kwenye matope, wakangoja, wakajenga, wakaoa, wakapanda mihogo. Alipofika, walimpa pansheni.

Nilikimbilia nyumbani.

Bibiane alikuwa anasonga bugali. Nilimweleza yote, mbio mbio, nikizunguka jiko.

— Simama, alisema, unanitia kizunguzungu. Basi wakikutuma Shabunda, unisalimie batu ba kule.

— Hautanifuata?

Aliweka mwiko chini. Huo mwiko, ukiwekwa chini, ulikuwa mbaya kuliko ukiinuliwa.

— Papa Philémon. Nilikufuata Minova, ukazamisha pirogi ya wakubwa. Nilikufuata Uvira, ukawasha jiko na nyumba ikawaka nayo. Nilikufuata Bagira, umetoboa kanisa. Miye nimechoka kufunga vyombo. Hapa nimepanda maharagi, na nitayakula. Miye nabaki.

— Lakini weye ni bibi yangu!

— Niko bibi yako wa Bagira.

Mumeona? Kwa watu wengine ilikuwa karamu. Kwangu ilikuwa ndoa. Kartie isipokuja kwa roho yake, mimi ni mjane mwenye mke mzima.

— Anza na Papa Barthélemy, aliniambia Bibiane akishika mwiko tena. Huyo akienda, bote banaenda. Na utoshe ile képi. Na ile képi kichwani hauko mutu, uko shida.

Papa Barthélemy alikuwa mwashi wa zamani. Nusu ya nyumba za Bagira zilipita mikononi mwake, na akikohoa kwenye baraza lake, barabara nzima ilipunguza sauti ya radio. Nilipiga hodi. Pazia likatikisika.

— Hodi, Papa Barthélemy! Ni Philémon!

— Philémon gani?

Nilivuta pumzi.

— Malaika.

— Aaa! Mlango ukafunguka kidogo, jicho moja likatoka. Na leo unashukia nani?

— Papa, mukubwa yetu anakuita Jumapili, misa ikiisha, kule ku brigade.

Lile jicho liliacha kucheka.

— Nimefanya nini?

— Hakuna, Papa! Ni sherehe.

— Sherehe ya nini?

— Ya kukaa pamoja.

— Kukaa. Siku ngapi?

— Mpaka mutachoka benyewe!

Lile jicho likatazama nyuma, ndani ya nyumba.

— Na bibi yangu ataweza kuniletea chakula?

— Hapana, Papa, asihangaike. Chakula ni sisi tutawapa.

Nilifikiri nimemfurahisha. Niliona hata ameegemea mlango kwa furaha.

— Na kisha? aliuliza polepole. Kisha munatupeleka wapi?

— Kisha munarudi kwenu!

— Bote banaambiwaka vile, alisema Papa Barthélemy, akafunga mlango taratibu, kama mlango wa mgonjwa.

Nilizunguka Bagira yote. Nilipiga hodi mpaka neno lenyewe likaniisha mdomoni, nikawa napiga makofi tu. Watu walinijibu vizuri sana. Vizuri kupita kiasi. "Ndiyo, Papa gendarme. Tutakuya, Papa gendarme. Hatutakimbia." Mimi nilichukua ile "hatutakimbia" kuwa ni adabu.

Ikabaki pombe. Nilimwomba Adjudant tununue ya chupa.

— Chupa kwa kartie muzima? Te. Pombe ya ndizi.

Nikaenda kwa Maman Cibalonza. Kasigisi yake, ile pombe ya ndizi, ilikuwa na jina mpaka Kabare. Walisema ukiinywa asubuhi, mchana unaweza kumsamehe shemeji yako. Hakunipenda, lakini alipenda kazi yake. Jumamosi alileta mitungi, akaipanga kwenye ghala ya brigade, akaitazama mara ya mwisho kama mzazi anayemwacha mtoto internat, shule ya kulala.

— Malaika, mufungie muzuri.

— Nafunga, Maman.

Nilifunga. Ufunguo nikalala nao. Kulala ni neno tu. Usiku kucha niligeuka kitandani mpaka Bibiane akanisukuma mkekani.

Jumapili. Viti tumepanga. Nyama inanuka uani. Misa imekwisha, kengele imelia, barabara iko tupu. Nilienda getini, nikarudi. Nilienda tena, nikarudi. Gaston alikaa kivulini akinitazama jinsi unavyotazama mpira.

— Lubala, koti ya mvua uko nayo? Shabunda inanyesha, eh!

— Nyamaza, kaporali.

— Na bibi yako, nitamusalimiaka. Usiogope.

Nilikuwa karibu kumjibu kwa mkono. Ndipo nikaona vumbi.

Walikuwa wanashuka kutoka kanisani. Kartie nzima! Wazee mbele, wenye makoti ya Jumapili. Papa Barthélemy mbele ya wazee. Roho yangu iliruka. Kisha ikasimama hewani.

Kila mwanamume alikuwa na blanketi lililokunjwa kwapani. Nyuma yao wanawake walikuwa wanalia. Nyuma kabisa kwaya, ile kwaya yangu niliyoiangukia, ilikuwa inaimba wimbo wa kuzika.

— Lubala! alisema Adjudant, na nilimwona meno kwa mara ya kwanza. Banakuya! Bote! Kwa roho yao!

— Ndiyo, mon adjudant.

— Lakini blanketi ni ya nini?

— Ni… desturi, mon adjudant.

— Desturi muzuri. Baingie.

Waliingia. Tuliwaonyesha viti. Wakavipita viti vyote, wakaenda kukaa chini, kwenye ukuta wa cachot, safu kwa safu. Kisha, bila mtu kuwaambia, walianza kuvua mikanda. Wakavua na viatu. Wakavipanga mbele yao, kama anavyofanya mtu anayejua sheria za kule ndani.

— Na hiyo?

— Desturi, mon adjudant, nilisema, na jasho likaniingia jichoni.

Adjudant hakuwa mjinga. Aliwatazama wale wazee miguu mitupu, akanitazama mimi, akatazama mlango wa cachot. Nikaona ameelewa. Alienda mpaka mbele ya Papa Barthélemy, akachuchumaa. Mkubwa wa brigade, amechuchumaa!

— Papa. Vaa mukaba.

— Leo mutaanza na nani? aliuliza Papa Barthélemy. Kama ni miye, ni sawa. Lakini muache batu babarudie bibi zao.

— Hatuanze na mutu. Ni karamu. Huyu Lubala hakusema?

— Alisema.

— Na hamukuamini?

— Commandant, alisema yule mzee, gendarme akituita, hatutafutaka maana ya ingine.

Adjudant aliinuka. Alifungua mlango wa cachot mwenyewe, mpaka ukutani. Hamna mtu. Akatwaa ufunguo wa cachot, akamkabidhi Maman Cibalonza aliyekuwa karibu.

— Uikamate mpaka magaribi. Sasa mukae ku viti.

Polepole walivaa mikanda. Polepole wakahamia vitini. Wanawake wakapangusa macho, mmoja akaanza kucheka kidogo, kwaya ikakata wimbo katikati ya ubeti. Nyama ikapita. Waliikula, maana nyama ilikuwa imechomwa mbele yao. Nikaanza kupumua. Nikaona Bibiane upande wa wanawake na beseni lake, nikamkonyeza. Hakunikonyeza.

Ndipo tukamimina kasigisi.

Vikombe vikajaa. Vikashikwa. Na vikabaki vimeshikwa.

Hakuna aliyekunywa. Watu walikuwa wanatazama ndani ya vikombe kama wanatafuta sindano. Nzi wakaja, wakanywa wao.

— Bamele! alisema Adjudant. Munywe! Ni yenu!

— Aksanti, walijibu wote pamoja. Na hakuna kikombe kilichopanda.

— Lubala, alininong'oneza, nini tena? Ni desturi?

Nilimtafuta Bibiane. Alinitolea macho, akagusa mdomo wake kwa kidole, akanyoosha kidole hicho kwangu. Na hapo nikakumbuka.

Wasomaji wangu wa Bukavu mumekwisha kujua. Kwetu ukimpa mtu pombe, mwenye nyumba anaonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni. Ni hivyo kwa kabila la Bashi, ni hivyo kwetu Bunyakiri. Ya chupa inafunguliwa mbele yako, ukasikia ikilia. Ya mtungi haina kizibo. Mtu asiyeonja pombe yake anataka nini? Kila mtoto mchanga anajua. Mimi nilijua kabla sijajua kutembea. Lakini nilikuwa nimevaa uniforme, na uniforme ile ilinifanya nifikiri kama brigade: pombe ni ya raia, gendarme yuko kazini, gendarme hanywi. Hiyo ilikuwa amri ya Adjudant, na Gaston alikuwa amekwisha kulala cachot kwa kuivunja.

Nilimweleza Adjudant sikioni.

— Banafikiri tumetia sumu? alishtuka.

— Hawafikiri, mon adjudant. Banangoja tu muonje.

— Miye? Miye sijagusa pombe tangu nizaliwe.

— Basi miye.

— Uko na uniforme.

Hapo, ndugu zangu, nilifanya kitu ambacho hakuna gendarme wa Zaïre aliyewahi kukifanya mchana. Nilivua képi. Nilivua mkanda. Nilivua shati la serikali, nikalikunja juu ya kiti, nikabaki na singileti yenye tundu kitovuni.

— Malaika anatoka manyoya! alipiga kelele mtu, na wanawake wakacheka.

Nilishika kikombe, nikakimaliza, nikakigeuza chini juu. Hakikudondosha hata tone.

— Munaona? Niko muzima!

Nilimtazama Papa Barthélemy. Papa Barthélemy alitazama kikombe chake.

— Mutoto, alisema kwa upole, tumekuona. Weye uko Philémon, bwana ya Bibiane. Na weye tungekunywa. Lakini si weye ulituita. Tuliitwa na gendarmerie. Mwenye nyumba ni huyu.

Na akamwonyesha Adjudant.

Nilimkimbilia Maman Cibalonza. Mpishi anaweza kuonja!

— Maman, onja, nakuomba. Ni pombe yako!

— Ilikuwa yangu mpaka jana. Imelala kwenu. Kitu chenye kililala kwenu miye nitajuaje? Hata bwana yangu akilala kwenu, namuangaliaka mara mbili.

Watu wakacheka, lakini vikombe havikusogea. Papa mmoja wa nyuma alianza kutafuta blanketi lake chini ya kiti. Wa pili akafuata. Gaston alikuwa anapiga muluzi. Nilimwona Bibiane ameinama, anakusanya sahani ambazo hazijamalizwa.

— Mon adjudant, nilisema, mara moja tu. Ulimi tu. Mungu atafunga macho.

Adjudant alichukua kikombe. Alikinusa. Alikizungusha mara tatu, yule mtu aliyewahi kumnyang'anya mwizi panga bila kupepesa. Kisha akakiweka chini.

— Te. Bazee, musikilize. Miye sinywe. Ni Mungu yangu. Nikikunywa leo ili muniamini, mutakuwa mumeamini mutu wa uongo. Kama munataka kurudi, murudi. Hakuna mutu atabafuata.

Basi. Imekwisha. Nilisikia kamio ya Shabunda ikinguruma.

Lakini Papa Barthélemy hakuinuka. Alikuwa anamtazama Adjudant kwa namna nyingine, kama anapima ukuta na kuona umesimama sawa.

— Commandant, alisema, weye ni gendarme wa kwanza kuniambia hapana bila kunipiga.

Watu wakanguruma: ni kweli, ni kweli.

— Kwetu, mutu asiyekunywa, njia iko. Mutu wa damu yake anaonja mahali pake. Bibi ao mutoto. Uko na bibi?

— Iko Matadi.

— Batoto?

— Matadi.

— Basi utaje mumoja hapa. Lakini utaje muzuri, mbele yetu. Mutoto hatajwi kwa kucheka.

Gaston alikuwa amekwisha kuruka mbele, ulimi nje.

— Miye, Papa! Miye mutoto!

— Weye? alisema Adjudant. Ningekuzaa weye ningejua.

Kicheko kilichotoka pale kilifukuza kunguru kwenye bati. Adjudant alipita mbele ya mstari wetu, mmoja mmoja. Akasimama kwangu. Nilikuwa bado na singileti, mikono imekunjwa kufunika lile tundu.

— Huyu, alisema. Anaongeaka sana, anaangukaka sana. Lakini siku tatu zote sikumuona akikaa. Mwana na ngai. Huyu ni mutoto yangu.

— Tumesikia! waliitika wote.

Alinipa kikombe kwa mikono miwili. Nilikunywa. Papa Barthélemy alikunywa baada yangu, akafunga macho, akayafungua.

— Iko muzuri.

Wasomaji, kama hamujawahi kuona kartie nzima ikinywa kwa pamoja baada ya siku tatu za hofu, hamujaona mvua. Mitungi ililia. Blanketi zilitandikwa kwenye nyasi, watu wakazikalia. Kwaya iliimba wimbo wa arusi. Maman Cibalonza alimshika Gaston shingo na kumweleza mbele ya watu jinsi ya kusalimia wanawake barabarani, na Gaston akasema ndiyo Maman, ndiyo Maman. Papa mmoja alinivuta sikio.

— Ule mwizi wa mbuzi, mbona hamukutuuliza? Sisi bote tunamujua. Eko nyuma yako, anakula.

Niligeuka. Kweli, alikuwa anakula. Aliponiona aliweka mfupa chini, akajileta mwenyewe kwa Adjudant, akasema mbuzi yuko Kazingo kwa mjomba wake, na kesho atamrudisha. Musiniulize kama ni kweli. Mimi mwenyewe nilikuwepo na ilinichukua muda kuamini.

Nilikuwa nimeshinda. Nilitaka kumwambia Bibiane, lakini Adjudant alinishika bega, akanivuta karibu na mti wa parachichi.

— Mwana na ngai. Ile message ya mujini ilikuwa na mustari wa pili.

— Mustari gani, mon adjudant?

— Kufungua brigade mupya Shabunda. Mukubwa wa kwenda ni miye. Na gendarme mumoja.

Nilicheka. Ni kasigisi iliyocheka ndani yangu.

— Basi unamupeleka kaporali.

— Nilitaka kumupeleka mwenye atashindwa. Njo maana nilisema: ukishindwa unaenda. Lakini haukushindwa. Nimekutaja mutoto mbele ya bazee. Sasa nitaendaje peke yangu, mutoto yangu namuachia batu? Jumatatu, Philémon. Kamio ni asubuhi.

Aliniita Philémon. Hapo ndipo nilijua ni kweli.

Kisha nikasikia sahani zinaacha kugongana. Bibiane alikuwa nyuma ya mti na beseni lake. Alikuwa amesikia yote. Na nyuma ya Bibiane alikuwa Papa Barthélemy, mdomo umelowa pombe, macho makavu kabisa.

— Commandant, alisema yule mzee, rudia. Kwa sauti ya juu.

Adjudant alirudia. Wale waliokuwa wanacheza walisimama, mguu mmoja juu.

— Kwenu sijui, alisema Papa Barthélemy, lakini kwetu baba hamubebe mutoto aliyeoa kama anabeba kiti. Bibiane ni wa Kabare kama sisi, ni mutoto yetu. Weye uko baba ya bwana, sisi tuko bakwe. Hii maneno ni ya kukaliwa na kuzungumuzwa.

— Miye niko na ordre ya mujini, Papa.

— Na sisi tuko na binti. Kaa.

Viti vilianza kusogea vyenyewe. Sikuona nani aliamuru. Mara moja vilifanya duara uani, vikaacha kiti kimoja katikati, mahali tunapomkalisha mtu wa kuulizwa maswali. Gaston alishika kirungu. Adjudant akamtikisia kichwa. Akavua képi yake, akaenda, akakaa katikati.

— Nasikiliza, alisema.

— Si na weye tutaanza, alisema Papa Barthélemy. Tunaanza na mwanamuke. Bibiane, mutoto yetu. Ukisema abaki, kartie yote italala mbele ya ile kamio. Ukisema aende, tutamufungia chakula cha njia. Sema.

Wote waligeuka kumtazama. Mimi pia. Na ndipo wazo likanipiga, baridi, katikati ya singileti: Bibiane alisema atabaki Bagira. Aliyasema yale mbele yangu, na mwiko chini. Lakini hakuwahi kusema kama anataka nibaki naye.

Aliweka beseni chini. Akapangusa mikono kwenye kikwembe, kidole kwa kidole.

— Nitasema, alisema Bibiane. Lakini munipe kiti. Yenye niko nayo haisemwi nimesimama.

Adjudant Mavungu aliinuka katikati ya duara, akampa chake.